Shikamoo Mama-Moja

Kofi la kwanza Dokta alilipata kwa mdogo wake, tena wodini, mbele ya wagonjwa wengine na muuguzi aliyeshika trei ya vidonge. Lilitoka kwa mgonjwa, lakini kofi lenyewe halikuwa gonjwa hata kidogo. Miwani ya Dokta iliruka ikaangukia chini ya kitanda cha jirani.

"Rudia," Pilipili akamwambia, kifua kikimpanda na kushuka. "Rudia hayo uliyosema kuhusu Mama, nikuongeze la pili."

Jina la Pilipili alipewa na mama yao tangu mchanga, kwa kuwa alikuwa kadogo halafu kawashaji, na ukubwani hakubadilika. Sasa alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, ugonjwa uleule uliomuua mama yao, na alikuwa amekataa kisu. Alikuwa anameza dawa ya majaribio. Dawa ya Mama, ndivyo alivyoiita, na hakuna aliyeruhusiwa kuitaja kwa jina jingine mbele yake.

Dokta hakuinama kutafuta miwani. "Zile seli si za Mama," akasema. "Dawa unayomeza haikujaribiwa kwenye saratani ya Mama. Ilijaribiwa kwenye saratani ya mwanamume tusiyemjua, tena ya tezi dume. Uvimbe wako unakua, mdogo wangu. Kubali ukatwe."

La pili likaja. Ahadi ni deni, na Pilipili alikuwa mlipaji mzuri.

"Profesa wako amenipigia simu asubuhi," akasema huku analia. "Ameniambia utakuja. Ameniambia kuwa jina lako kuwa la pili kwenye makala linakuwasha, unataka kumharibia sherehe yake ya kesho. Mama yangu unamfanya mwanamume? Mama yangu? Toka! Nesi, mtoe huyu mtu!"

Sasa, ndugu zangu, mtu akichapwa na mdogo wake hadharani na asinyanyue mkono, ujue ana jambo. Na Dokta hakuwa mpole, msije mkadanganyika. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani ambaye angeweza kukutandika kwa futi ya kupimia bila kusimamisha mguu kwenye pedali. Ukali ule wote wawili waliurithi. Lakini siku ile aliokota miwani yake, akaifuta kwenye kanga ya mgonjwa wa jirani bila hata kuomba, akatoka.

Nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hamtanielewa.

Mama yao alipougua, Dokta alikuwa bado mwanafunzi, anajifunza utafiti wa saratani chini ya Profesa. Madaktari walipotoa kipande cha uvimbe, mama mwenyewe ndiye aliyesema kipelekwe maabara. "Kimenila bure muda wote huu," alisema. "Nacho kikafanye kazi." Dokta akakikata vipandevipande, akaziweka seli kwenye chupa bapa zenye chakula chake, maji mekundu yale, akazitunza kama mzazi anavyomtunza mtoto njiti. Zilikuwa zinakua kwa shida. Kichupa kimoja alikigandisha mapema, kwa tahadhari, akakiandika jina la mama kwa wino mweusi.

Mama akafa. Profesa akamshika bega, akamwambia, "Nenda ukamzike mama yako, mwanangu. Hizi nitazilisha mimi."

Aliporudi kutoka mazishini, alizikuta seli zimeshamiri, zinabanana chupani. Akacheka kwa sauti palepale maabara, na vumbi la makaburini bado liko kwenye viatu. Kule msibani hakudondosha chozi hata moja, na baada ya hapo pia hakulia. Kwa nini alie? Mama alikuwapo. Mama alikuwa kazini. Kila asubuhi Dokta alipopita kwenye tangi la baridi kali zinamogandishwa seli, aligonga kifuniko kwa vidole, akasema, "Shikamoo Mama." Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, na wengine mwishowe wakawa wanaamkia pia.

Seli zile wakaziita Mama-Moja. Profesa akazijaribishia dawa mpya, na dawa ikaziua kama maji ya moto yanavyoua sisimizi. Wakaandika makala. Jina la Profesa kwanza, la Dokta la pili.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza. Kwa watu wa kazi hii, makala yako ikitajwa na mwenzako ndani ya makala yake, hiyo ndiyo heshima. Ametambua kuwa amesimama juu ya kazi yako. Ukitajwa na wengi, unakuwa mkubwa. Ukitajwa na maelfu, unakuwa mfalme, unapewa joho, unapewa maabara, na vijana wanakubebea mkoba. Makala ya Mama-Moja ilitajwa kila pembe ya dunia. Profesa akawa kila asubuhi anafungua simu kuangalia idadi, kama mtu anavyoangalia matokeo ya mpira, na wanafunzi wakampachika jina la Mzee Marejeo. Alikuwa akikohoa tu kwenye kamati, mjadala umefungwa.

Kisha dawa ikapelekwa kwa wanawake wenye saratani ya titi. Pilipili alipopata uvimbe, alijiandikisha wa kwanza. "Mama ananitibu," alimwambia kila mtu. "Ninyi mna hospitali, mimi nina mama."

Haya. Mwaka ule jarida moja likamwambia Dokta: kabla hatujachapisha kazi yako mpya, pima vinasaba vya seli zako, tujue ni zenyewe. Sheria mpya, wengi wamewahi kuumbuka. Dokta akapeleka seli za Mama-Moja huku anatabasamu. Majibu yakarudi: mwanamume. Akadhani amechanganya vichupa. Akapeleka tena. Mwanamume. Akaketi kwenye kiti cha maabara, akawaza asubuhi zote alizosimama pale kumwamkia baba wa watu asiyemjua, na ugonjwa wake wa tezi dume, maana vinasaba vilifanana na vya seli za tezi dume za Profesa. Angekuwa mtu mwingine angecheka. Yeye aliichukua ile karatasi, akainuka.

Alikwenda kwa Profesa na karatasi mkononi. Profesa aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya kombe lake la kioo.

"Seli za sasa zimechafuka," akasema. "Juzijuzi tu. Kijana mmoja mzembe katumia chupa moja ya chakula kwa seli hizi na zile zangu za tezi dume. Tone moja linatosha, unajua mwenyewe. Lakini za wakati wa makala zilikuwa safi. Makala imesimama."

"Basi tupime za wakati wa makala. Ziko ndani ya tangi, chini kabisa, Mwalimu. Uliziandika wewe mwenyewe."

"Hatupimi kitu."

"Mdogo wangu anameza ile dawa."

"Hatupimi kitu!" Na kombe likaruka. Haki ya Mungu lilimpita Dokta sikioni likapasukia mlangoni, vigae vikamwingia shingoni. Profesa alikuwa amesimama, mishipa imemtoka pajini pa uso, mzee wa watu aliyekuwa akimwita mwanangu. "Ukigusa tangi lile nitakuvunja. Sikutishi. Nitakuvunja mikono, halafu nitalivunja jina lako, na hutapata hata kazi ya kuosha chupa."

Ndiyo maana Dokta alikwenda wodini. Alidhani ndugu atamwamini kabla ya ushahidi. Mmeona wenyewe alichoambulia. Na daktari wa upasuaji, alipomkimbilia akiwa na mashavu yanawaka, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatingisha kichwa.

"Dada, mimi kisu changu kiko tayari. Uvimbe umeongezeka, na ukikaa zaidi utasambaa. Lakini siwezi kumkata mtu kwa nguvu. Na mbele ya kamati ya majaribio, wewe una neno lako, Profesa ana dunia nzima inayomtaja. Niletee kitu cha kushika mkononi."

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya Profesa. Taasisi ilimwandalia sherehe ukumbini, chini ya maabara kabisa, ya kumtunuku kwa kutajwa kuliko mtafiti yeyote aliyewahi kupita pale. Viti vilifunikwa vitambaa vyeupe, spika kubwa zikafungwa hadi kwenye korido ili hata wafagiaji wasikie. Dokta alingoja wageni waingie. Kisha akapanda ngazi mchana kweupe, akamwomba mlinzi ufunguo wa chumba cha matangi.

Mlinzi alimpa. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameagizwa, akampigia simu Profesa. Simlaumu, naye ana watoto.

Chumba chenyewe kidogo, hakina dirisha. Tangi limesimama katikati, nene, linafika kiunoni, na kando yake ndoo ya maji ya klorini wanayomwagia seli zisizotakiwa. Dokta akavaa glavu nene zinazofika viwikoni na ngao ya plastiki usoni. Safari hii hakugonga kifuniko. Alikifungua, moshi mweupe ukafurika ukamwagika sakafuni, akavuta rafu ndefu ya chuma kutoka chini kabisa. Kule ukumbini mshereheshaji alikuwa ameanza.

"Mabibi na mabwana!" spika ya korido ikanguruma. "Tukianza kuzisoma makala za Profesa wetu, hapa tutalala!"

Watu wakacheka. Dokta akachomoa kiboksi cha chini. Vichupa vilikuwa vimezama kwenye naitrojeni, yale maji yenye baridi inayounguza, vingi vina vifuniko vyeupe na mwandiko wa Profesa, mwaka wa makala juu yake. Na pembeni kabisa, kimoja chenye kifuniko chekundu. Wino mweusi. Jina la mama yake, kwa mwandiko wake mwenyewe wa usichana. Alikuwa amekisahau.

"Funga tangi hilo, mwanangu."

Profesa alikuwa mlangoni, amevaa joho jekundu na kofia ya pembe nne. Aliufunga mlango nyuma yake taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

"Nirudishie kiboksi, tushuke wote. Nitakutaja jukwaani. Makala ijayo jina lako la kwanza. Nakuapia."

"Pilipili atakufa, Mwalimu."

"Watu wanakufa! Ndiyo kazi yetu, watu wanakufa!"

Akamrukia. Joho likapepea, kofia ikadondoka, na kabla Dokta hajakiweka kiboksi chini alikuwa amekamatwa mkono na kuzungushwa. Kiboksi kikaruka. Vichupa vikatawanyika sakafuni vikitoa moshi, na kimoja kilichokuwa kimenywa yale maji ya baridi kikapasuka paa! kama baruti, kipande cha plastiki kikamkata Profesa shavuni. Wala hakuhisi. Alikuwa ameshaanza kukanyaga. Viatu vyeusi vilivyong'arishwa kwa ajili ya jukwaa vilishuka juu ya vichupa kwa kisigino, krach, krach, na kila kilichovunjika alikimwagia klorini kutoka kwenye ndoo, akihema.

"Makala zaidi ya mia mbili!" spika ikasema. Makofi.

Dokta akamsukuma kwa mikono yote miwili. Profesa akagonga mgongo kwenye tangi, akarudi na kifuniko chake mkononi, akampiga nacho usoni. Ngao ikapasuka vipande viwili. Mdomo ukajaa damu, na jino moja likawa linacheza. Dokta akamkamata joho shingoni, akambamiza ukutani mara ya kwanza kwa ajili ya mdogo wake, na mara ya pili, kusema kweli, kwa ajili yake mwenyewe tu. Mzee akanguruma. Akamvuta glavu ya kushoto ikatoka yote, akampiga ngumi ya tumbo, Dokta akaenda chini kwa magoti kwenye maji ya klorini.

"Ulijua!" akapiga kelele kutoka pale chini. "Hazikuchafuka juzi! Ulijua tangu mwanzo!"

"Zilikufa!" Profesa naye akapiga kelele, na sauti ikamkatika. "Zilikufa siku ileile mnamzika! Nilizilisha, haki ya Mungu nilizilisha, nikaja asubuhi nikakuta zinaelea. Ukarudi na vumbi la makaburini miguuni, ukanishika mkono, ukaniuliza, 'Mama hajambo?' Ningekwambia nini? Wewe ungesema nini? Nilichukua tone la seli zangu nikaliweka humo. Nilikuonea huruma!"

Kwa kitambo hakuna aliyemgusa mwenzake. Walikuwa wanahema tu, mwalimu na mwanafunzi wake, damu inawachuruzika wote. Na Dokta alimwonea huruma. Msishangae. Alimkumbuka kweli akimshika bega siku ile, na alijua kuwa huruma ile haikuwa ya uongo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini huyu hakulia yeye. Aliliza wengine.

"Ungeniambia kesho yake," Dokta akasema.

"Kesho yake ulikuwa unacheka."

"Ungeniambia kabla ya makala."

Spika ndiyo iliyojibu. "Na makala ya Mama-Moja peke yake," mshereheshaji akasema kwa madaha, "imetajwa mara nyingi kuliko kazi zetu sisi wote tuliokaa humu, tukijumlishwa!" Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na uso wa Profesa ukageuka tena kuwa wa mtu anayetakiwa jukwaani.

Akamkanyaga mkono wa kulia, ule wenye glavu, juu ya kiganja, akasimama nao kwa uzito wake wote. Mfupa ukalia. Dokta akapiga yowe ambalo hata yeye hakulitambua. Alikuwa amelala kifudifudi, shavu sakafuni, na kwa jicho moja aliona chini ya tangi kile kiboksi kimepinduka upande, bado kina maji yake yanayofuka, na ndani yake vichupa viwili tu vilivyobaki vizima. Cheupe, mwandiko wa Profesa, mwaka wa makala. Na chekundu.

Mguu mwingine wa Profesa ulikuwa umekwisha kuinuka. Mkono mmoja wa Dokta ulikuwa huru, ule wa kushoto, mtupu, na ulikuwa na nafasi ya kwenda mara moja.

Hapa watu huwa wananiuliza, alifikiri nini? Hakufikiri. Aliona kifuniko chekundu, akaona wino wake mweusi, na mwili wake wote ulikitaka kile kichupa jinsi mtoto anavyotaka nyonyo. Ndani yake mlikuwa na mama yake. Si mwanamume wa watu. Mama yake halisi, punje chache, zilizogandishwa akiwa bado hai, akiwa bado anamfokea kila mtu kitandani. Wa mwisho. Hakuna pengine popote duniani alikokuwa amebaki.

Akatumbukiza mkono kwenye ile baridi, akachukua cheupe.

Baridi ile haifanani na baridi. Ilimng'ata kama moto, ngozi ya kiganja ikaganda na plastiki palepale, akafumba ngumi. Kisigino cha Profesa kikashuka juu ya kiboksi. Alisikia kichupa chekundu kinavunjika karibu kabisa na uso wake. Maji ya klorini yakapita juu ya vipande, na tone la rangi ya waridi likachanganyika nayo, likafifia.

"Mama!" Dokta akalia. "Mama yangu!" Akageuza shingo, akamng'ata Profesa mguu juu ya kifundo, akakaza mpaka meno yakakutana na kitu kigumu. Mzee akaanguka chali, kisogo kikagonga sakafu. Dokta akainuka kwa viwiko, akampiga teke la mbavu, akampiga lingine. Lingefuata la kichwa, nalo lingemuua, na hakukuwa na mtu wa kumzuia isipokuwa ile ngumi ya kushoto iliyokuwa inamuungua. Akaiangalia. Akageuka, akafungua mlango kwa kiwiko.

Mlinzi alikuwa amesimama koridoni, simu mkononi, macho yamemtoka. Aliangalia ndani, akaona joho, vichupa vilivyovunjika na damu. Aliukimbilia mlango wa nje akamshikia.

"Na sasa," spika ikasema, "naomba tusimame, tumkaribishe mwenyewe!"

Na mnajua Profesa alikwenda? Alikwenda. Alijipangusa shavu kwa mkono wa joho, akachechemea ngazi zote, akapanda jukwaani na kiatu kilichojaa damu. Waliofikiri ameanguka wakamhurumia, wakapiga makofi zaidi. Alipokea tuzo kwa mikono miwili, akasema asante, akaomba maji ya kunywa.

Dokta alikuwa hospitali. Hakumpelekea kile kichupa mtu yeyote wa taasisi. Alikipeleka kwa mpimaji wa vinasaba wa hospitalini, mwanamama mwenye maneno machache asiyewahi kumtegemea Profesa kwa lolote, na ilibidi huyo mama ambandue kichupa kiganjani kwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa vidole vilikataa kufunguka. Ngozi ilitoka nacho. Mwandiko wa Profesa ulikuwa unasomeka vizuri, mwaka na yote.

"Nikupime na wewe damu," mpimaji akasema, "tulinganishe."

Mwanamume. Hana undugu na Dokta. Na mlinzi, alipoitwa mbele ya kamati, alieleza alichokiona bila kupunguza wala kuongeza.

Majaribio yakasimamishwa. Jarida likaifuta makala, likaweka tangazo jekundu juu yake. Profesa akapumzishwa kazi, ndivyo walivyoliita, kisha polisi wakawa na maswali yao. Na mtashangaa: makala ile inatajwa mpaka leo. Watu hawasomi tangazo, wanachukua tu jina na kupita. Idadi ile bado inapanda, na mzee nasikia bado anafungua simu asubuhi kuiangalia. Mungu ndiye anayejua anachokiona humo.

Pilipili alipopelekewa majibu, aliyasoma mwenyewe, herufi kwa herufi, akayarudisha. "Niletee hiyo fomu ya kisu," akamwambia daktari. Hakusema neno lingine siku ile, na kwa Pilipili huo ulikuwa ugonjwa wa pili.

Titi lilitolewa. Uvimbe haukuwa umevuka kwapa. Daktari wa upasuaji alitoka chumbani ametabasamu, akasema wangechelewa kidogo tu, asingetabasamu.

Alipozinduka vizuri, Pilipili alimkuta dada yake ameketi kando ya kitanda, mkono wa kulia kwenye plasta, wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kwenye ncha, vidole viwili vimekakamaa na havitakunjika tena.

"Mashavu yako hayajambo?" Pilipili akauliza.

"Una mkono mzito kama wa Mama."

Pilipili alitaka kucheka, kidonda kikamkataza. Kisha akauliza lile ambalo Dokta alikuwa akiliogopa tangu siku ile. "Mlinzi anasema kulikuwa na kichupa kingine. Anasema ulikuwa unamwita Mama. Kilikuwa cha kwake kweli?"

"Cha kwake kweli. Nilikigandisha kabla hajafa."

"Kiko wapi?"

"Kilivunjwa."

"Na wewe ulikuwa hapohapo?" Macho ya Pilipili yakajaa. "Ulikuwa hapohapo, dada, ukamwacha Mama chini?"

Dokta alikuwa ameandaa maneno mengi ya kitaalamu, yote yakayeyuka. "Nilikuwa na mkono mmoja," akasema. "Nikakuchukua wewe."

Ndipo alipoanza kulia. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani, kile alichokuwa amekiweka tangu siku ya mazishi, mpaka wagonjwa wa wodi nzima wakageuka na muuguzi akaja mbio akidhani mtu amekufa. Na kweli alikuwa amekufa, siku nyingi, ila mtoto wake mkubwa ndiyo kwanza anaambiwa.

Pilipili hakumbembeleza. Alijisogeza taratibu, akiuma meno kwa maumivu, mpaka akapata upenyo kitandani, akaipiga shuka kwa kiganja.

"Panda," akasema. "Upande huu, usinigonge."

Dokta akavua viatu, akapanda.